Kichwa Kilichopikwa kwa Sabuni

Juzi mjukuu wangu aliingia na mche wa sabuni ya kufulia, ile ya kahawia wanayoikata dukani kwa waya, akauweka mezani karibu na kikombe changu cha kahawa. Kabla sijamwitikia salamu yake, mkono wangu ulikuwa umeshapanda kichwani na kucha zinafanya kazi. Akacheka mpaka akaegemea mlango. "Kambo," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "uko na chawa?" Chawa wa wapi! Nina miaka sabini na kitu, nywele zimebaki za kuhesabu, na ngozi ya kichwa changu ni laini kama ya mtoto wa juzi. Lakini nikisikia harufu ya sabuni ile, utosi unaniwaka kana kwamba nimekalishwa tena kwenye kile kiti kifupi nyuma ya nyumba yetu ya Makomeno. Na pamoja na muwasho, hasira inanipanda. Miaka yote hii, jamani, na bado nakasirika. Kwa hiyo nisikilizeni, maana mjukuu wangu hakuwa na muda wa kunisikiliza.

Nilikuwa na miaka tisa. Makomeno tuliishi katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba za matofali zilizopangwa mstari, kila moja na kiua chake, na bomba moja la maji kwa nyumba nne. Kwenye bahasha mji uliandikwa Elisabethville, midomoni mwetu ulikuwa Lubumbashi. Katanga ilikuwa imejitangaza kuwa nchi peke yake, na shuleni tulikuwa tumeshafundishwa kusimama wima mbele ya bendera mpya yenye misalaba ya shaba. Baba yangu alikuwa karani kwenye karakana ya reli. Yeye na mama walitoka jimbo la Kasai kabla sijazaliwa, mimi nikazaliwa hapo hapo, nikaota meno hapo hapo, na sikujua kwamba mtu anaweza kuzaliwa mahali na bado akahesabiwa mgeni.

Mama yangu alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko yote, neno la Kifaransa, "propre", maana yake safi. Sakafu ilikuwa propre, sufuria zilikuwa propre, hata kuku wetu wawili alitaka wawe propre, akawa anawafukuza kutoka kwenye vumbi, na mwajua kuku bila vumbi hana raha. Mazoea hayo yalikuwa na chanzo. Miaka ya nyuma, baba alipoomba ile kadi ambayo serikali ya Wabelgiji ilimpa Mwafrika waliyeona ameendelea, alikuja bwana mmoja Mzungu kutukagua nyumbani. Alifunua vifuniko vya sufuria. Aliinua godoro. Alikwenda hadi chooni. Mwishowe aliniita mimi, mtoto mdogo kabisa, akanivuta sikio taratibu akachungulia ndani. Baba akapewa kadi. Bwana yule hakurudi tena, ila mama aliendelea kumngojea kila siku, na kila asubuhi masikio yangu yalikaguliwa kabla ya chai.

Sasa, kiangazi cha huku kwetu ni kikavu na cha baridi. Asubuhi unatoa moshi mdomoni, mchana upepo unapeperusha vumbi jekundu, midomo inapasuka, visigino vinapasuka. Mwaka ule kilichopasuka kwangu ni ngozi ya kichwa. Ilianza kwa kuwasha nyuma ya masikio. Halafu ikaja mba, kidogo kidogo, kama mtu amenipulizia unga wa muhogo. Sare yetu ya shule ilikuwa rinda la buluu nzito, na mba juu ya buluu nzito huonekana kutoka barabarani.

Mama alipouona unga ule mabegani mwangu, alishtuka kama ameona nyoka.

"Ngalula, juu ya nini unajikuna?"

"Kichwa inaniwasha, mama."

"Kichwa haiwashaka bure. Ni buchafu."

Hilo ndilo lilikuwa kosa, na kila kitu kilichofuata kilitoka hapo. Kwa mama, kitu cheupe kinachodondoka kwenye mwili wa mtoto hakikuwa na jina lingine ila taka, na dawa ya taka ni sabuni. Basi Jumamosi akakokota kiti kifupi hadi nyuma ya nyumba, akabandika maji kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akafumua nyuzi nyeusi zilizosukiwa nywele zangu, akachukua mche wa sabuni na kuusugua moja kwa moja kichwani, kavu kwa kavu, halafu maji ya moto, halafu vidole, halafu, Mungu wangu, burashi ya kufulia kola za mashati ya baba. Nililia. Alinibana kichwa kati ya magoti yake na kuendelea, huku akihema kama mtu anayetwanga.

Nywele zikikauka, lilikuja jaribio. Mama alitoa koti jeusi la baba, lile la kanisani, akanivika mabegani, akanichana kwa kitana chenye meno ya karibu. Kisha alinivua koti na kulipeleka mlangoni penye mwanga. Siku ya kwanza baada ya kuoshwa mba zilikuwa chache, mama akatabasamu. Siku ya tatu zilikuwa nyingi kuliko mwanzo. Mama akasema hakusugua vya kutosha.

Mnaona mambo yalivyokuwa? Akisugua, ngozi inakauka. Ikikauka, inabanduka. Ikibanduka, anasugua. Jumamosi ikapewa Jumatano ya kuisaidia. Jumatano ikaita Ijumaa. Na mimi, mwenye kichwa, nilikuwa mtu pekee katika nyumba ile niliyejua kwamba kila baada ya kuoshwa ngozi ilinibana kama kofia ya mtoto mdogo iliyolazimishwa kichwani, lakini nani aliniuliza? Nikisema, nilijibiwa kwamba mtoto mchafu ndiye huogopa maji.

Baba alijaribu mara moja. Alikuwa amekaa na gazeti lake, tai ikiwa bado shingoni, akasema bila kuinua macho, "Mama, acha mutoto apumzike kidogo." Mama akamjibu kwamba yeye baba anashinda na mafaili, mafaili hayana majirani. Baba akafungua ukurasa mwingine.

Karibu na kufunga shule, mambo yalifika darasani. Kwenye dawati langu nilikaa na msichana aitwaye Chola, mwenyeji wa huku huku, hatukuwa na ugomvi wowote, tulikuwa tukigawana hata andazi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimejizuia kujikuna tangu sala, nimekalia mikono yangu miwili, machozi yananilenga. Mwishowe nikashindwa. Nilijikuna kama mbwa, na unga ukamwagika kwenye daftari la Chola, juu ya hesabu zake alizokuwa ameshazimaliza. Chola akanyoosha kidole.

"Mamère, kichwa ya Ngalula inaanguka!"

Darasa zima liliangua kicheko. Mamère, ndivyo tulivyowaita masista, alikuja na penseli. Hakunigusa kwa mkono. Alifunua nywele zangu kwa ncha ya penseli, hapa na pale, akakunja uso, akaifuta penseli ile kwa leso. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa iliyofika hadi dawati la mwisho, kwamba nikirudi Septemba kichwa kikiwa hivi nitanyolewa upara mlangoni, au nitarudi nyumbani. Akaandika hayo kwenye karatasi kwa ajili ya wazazi wangu. Chola akahamishiwa dawati la mbele. Akiwa anakusanya vitu vyake alininong'oneza, wala si kwa ubaya, kama anayenipa habari za sisi watu wa Kasai, "Mama yangu alisemaka, Bakasai beko bachafu."

Sikumpelekea mama maneno ya Chola. Nilimpelekea karatasi tu. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena. Kwetu msichana hunyolewa upara nyumba ikiwa na msiba. Mama alinitazama kichwani kana kwamba ameshaniona nimenyolewa, akasema polepole, "Batafurahi sana." Nikamuuliza akina nani. Alikwenda kupima mche wa sabuni uliobaki.

Likizo ile, wenzangu, wengine wanakumbuka michezo, mimi nakumbuka dawa. Sabuni na ndimu. Sabuni na siki. Kuna mwanamke wa kanisani alimwambia mama kwamba mafuta ya taa huua kila kitu, mama akanipaka mafuta ya taa, na kichwa kiliwaka moto kweli kweli, nikakimbia uani nikazungukazunguka kama kuku aliyekatwa shingo. Mabaka mekundu yakatokea nyuma ya masikio, mengine yakawa vidonda. Nililalia tumbo. Nilimchukia mama yangu. Nalisema neno hili kama lilivyo: nilimchukia, kila nilipoona mbabula inawashwa kabla ya wakati wa chakula.

Upande wa pili wa ukuta wetu mfupi aliishi Bibi Mwamini. Mume wake alikuwa seremala wa mabehewa, nao walikuwa Waislamu wa Kasongo, kule Maniema, watu wa kanzu nyeupe Ijumaa na wa sauti ya chini siku zote. Bibi Mwamini alikuwa mnene, polepole, na mikono yake ilikuwa na kawaida ya kushika chochote kilicho karibu, awe mtoto, awe paka. Siku moja mama alipokwenda sokoni, alinikuta nimejibanza kwenye ukuta, nimekandamiza kichwa kwenye tofali lenye baridi.

"Kuya hapa," akasema. Njoo. Nikaruka ukuta.

Akanikalisha mkekani mbele yake, akafunua nywele. Kwa vidole, si kwa penseli. Akapiga kofi paja lake.

"Ee, mutoto wa bantu! Hii kichwa banaipikaka na sabuni?"

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili.

"Hakuna buchafu hapa," akasema. "Hakuna hata kidogo. Hii ngozi iko na njala."

Aliingia ndani akatoka na chupa ndogo iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi. Ndani mlikuwa na mafuta meusi. Aliyatengeneza mwenyewe kwa kokwa za michikichi alizoletewa na jamaa zake kwa treni kabla njia haijakatika kwa ajili ya vita. Alizikaanga kwenye chungu kikuukuu mpaka zikatoka jasho jeusi, akalikinga jasho hilo, ndiyo hayo. Akayapasha kwenye kijiko, akajaribu moto wake kwa kifundo cha mkono, kama mtu anayejaribu maziwa ya mtoto. Alinigawanya nywele mistari mistari, na katika kila mstari akaburuza kidole kimoja chenye mafuta. Hakupaka nywele, alipaka ngozi. Hakutumia kucha, alitumia nyama ya kidole, akizungusha taratibu, akihama, akizungusha.

Yalinuka, siwafichi. Yalinuka moshi, karanga zilizoungua, na nguo ya mtu aliyeshinda jikoni. Lakini muwasho ulikuwa unazimika, mstari kwa mstari, kutoka paji la uso hadi kisogoni, na kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze nilisikia kichwa changu kimenyamaza. Nilisinzia mapajani mwake mchana kweupe, mate yakanidondoka kwenye kitenge chake. Aliniamsha na kuniambia nisioshwe kwa sabuni wiki mbili, maji ya vuguvugu tu, na nije kila siku ya pili.

Wiki mbili! Hata saa mbili sikupata. Mama alirudi sokoni, akatua kikapu, akasimama katikati ya chumba pua juu.

"Kitu gani inanuka hapa?"

Sikuwa na pa kujificha, mafuta yalikuwa yananitiririka hadi shingoni. Maskini mbabula, haikupata hata kupoa. Niliwekwa kwenye kiti kifupi, na mama akaniosha maji matatu ya sabuni mfululizo huku akilia. Nililia kwa maumivu, yeye sikujua analilia nini. Alipomaliza alijifuta mikono, akaenda ukutani. Nilimfuata nimejifunika taulo.

"Bibi Mwamini, nani alikuomba ushike kichwa ya mutoto yangu?"

"Kichwa yenyewe njo iliniomba, mama." Yaani ndicho kilichomwomba.

"Shiye tuko bantu ba propre. Shiye hatupakake mafuta ya kunuka."

Bibi Mwamini hakupandisha sauti. "Mama Ngalula, kichwa si sufuria. Ukisugua sana haitang'aa. Itatoka damu."

"Unajua weye!" Mama alikuwa ameshika tofali la juu kwa mikono miwili. "Weye habakuangalie. Shiye banatuangalia. Bakimuona ku masomo na ile mafuta, batasema Bakasai banatoka mu pori. Na bakimuona na ile mavumbi nyeupe, batasema Bakasai beko bachafu. Alors mifanye nini? Niambie, mifanye nini?"

Kumbe maneno ya Chola alikuwa anayajua siku nyingi. Bibi Mwamini akasema tu, "Pole, mama." Mama akageuka. Nikakatazwa kuruka ukuta.

Mimi nilichoambulia katika maneno yale ni kimoja: Bibi Mwamini ana dawa, na mama ananinyima. Nilivimba kwa hasira. Kila nilipomwona yule bibi anaanika nguo, nilisimama upande wetu nikijikuna kwa makusudi, niwe ushahidi. Alinikonyeza na kutikisa kichwa. Hakutaka kumpita mama mara ya pili, na hilo nalo lilinikasirisha. Nilihesabu siku za kufikia Septemba, nikiogopa wembe, na mama naye alizihesabu, na hatukuweza kuhesabu pamoja.

Siku zilikuwa zikiharibika nje pia. Ndege za kijeshi zilikuwa zinashuka uwanja wa ndege wa Luano, magari ya askari yanapita, watu wazima wanakatiza mazungumzo mtoto akiingia. Familia mbili za mstari wetu, za Kasai kama sisi, ziliondoka na magodoro yao kichwani. Mama aliosha madirisha.

Walikuja asubuhi moja ya Jumatatu, vijana wa mtaani na wengine tusiowajua, nyumba hadi nyumba, na marungu. Nawaambia walichofanya kwetu kwa sababu ni kifupi. Walisimama mlangoni kwenye sakafu iliyopigwa deki alfajiri, wakamuuliza baba jina lake. Baba alikuwa na tai, kadi yake ilikuwa ukutani kwenye fremu, akalitaja jina lake lote, la Kikristo na la ukoo. La ukoo likawatosha. Walitupa muda hadi mchana tuwe tumeondoka. Mmoja wao alitema mate, kisha wakaenda nyumba ya pili.

Tulifunga mizigo mitatu. Bibi Mwamini alikuja, safari hii kwa mlango wa mbele, akamsaidia mama kukunja mashuka, na nilimwona anaisukuma ile chupa ya dawa ya kikohozi katikati ya mashuka. Mama naye aliona. Aliitoa chupa, akaiweka juu ya ukuta, akachukua badala yake miche miwili ya sabuni. Nilitamani kumpiga. Nyumba tunaiacha, shule tunaiacha, kuku wangu tunawaacha, na mama anabeba sabuni.

Tulikwenda walikokuwa wamekimbilia wengine, uwanja mkubwa nje ya mji, nyuma ya askari wa kofia za buluu, walinzi wa amani wa kigeni. Kambi, waliita. Watu maelfu, vibanda vya magunia, matawi na maboksi. Maji yalikuja kwa gari, ukapanga foleni na ndoo tangu asubuhi ukapata nusu ndoo, ya kunywa na kupikia. Mche wa kwanza wa sabuni uliisha kwa nguo za watoto wachanga wa vibanda vya jirani. Wa pili baba aliubadilisha na unga. Siku hiyo mama, ambaye sikumwona akililia nyumba wala vitanda, alikaa chini akaulilia mche ule wa sabuni. Kila jioni alinivutia kwake, akanitazama masikioni na kichwani, akasema, "Mutoto yangu, unaoza mbele ya macho yangu." Hakuwa na cha kunifanyia. Alinisuka nywele zangu chafu, akanifunga kitambaa.

Siwezi kuwaambia siku gani kichwa kiliacha kuwasha. Pengine ni mvua za kwanza, zilizokuja mapema na kulainisha hewa, pengine siyo. Nilikuwa nimepanga foleni ya maji, nikagundua kwamba kwa muda mrefu sijajikuna. Nikapeleka kidole nyuma ya sikio, penye vidonda. Palikuwa laini. Niliacha ndoo kwenye foleni, kosa ambalo watoto walipigwa kwa ajili yake, nikakimbia hadi kibandani kwetu.

"Mama! Kichwa hainiwashe tena!"

Nilidhani atapiga vigelegele. Alinishika, akanifungua kitambaa, akanifumua msuko mmoja, wa pili. Akageuza kichwa changu kwenye mwanga.

"Nani alikupaka mafuta?"

"Hakuna muntu, mama."

"Usinidanganye. Nani?"

Akainama akaninusa. Alisikia harufu ya moshi, ya jasho, ya mvua, harufu ya mtoto asiyeoshwa kichwa wiki saba. Akafumua misuko yote, mmoja mmoja, na nilisikia vidole vyake vinatafuta mba na kutozipata, vinapita pale palipokuwa na vidonda, vinarudi, vinapita tena. Kisha vikasimama. Vilikaa juu ya kichwa changu bila kufanya kitu.

"Basi nilikuwa nakuumiza bure," akasema.

Mimi, mpumbavu wa miaka tisa, nilikuwa nimengojea neno hilo kiangazi kizima. Nikajibu kwa furaha, kwa sauti ya mshindi, "Njo nilikuwa nakuambia!"

Mama aliondoa mikono yake. Akaniambia nirudi kwenye foleni kabla ndoo haijaibiwa.

Tangu siku hiyo mama hakuniosha kichwa tena, wala hakunisuka. Aliniambia nimekuwa mkubwa, nijifanyie mwenyewe, nikadhani ananiadhibu kwa ile kauli yangu. Nikanuna. Nilikuwa nimeomba aniachie kichwa changu, na alipokiacha niliona kama amenitupa. Tulitoka kambini, tukaenda Kasai tusikokujua, miaka baadaye tukarudi Lubumbashi, nikaolewa. Nilipojifungua binti yangu wa kwanza, mama alikuja kukaa nami, na kila asubuhi alimwogesha mtoto yeye mwenyewe, miguu, mgongo, kwapa, akimwimbia. Akifika shingoni alisimama. Aliniita, hata kama nina unga mikononi, hata kama nimelala, "Ngalula, kuya, maliza kichwa." Na mimi nilikuja nikinung'unika, kila asubuhi, nikimwambia, jamani mama, si umalizie tu, kazi yenyewe ya dakika moja. Alinyoosha mikono akanipa mtoto, kisha akaificha mikono yake ndani ya kitenge.